Pindo la Kifuniko

Chwaap.

Hivyo ndivyo kifuniko kilivyolia siku ya kwanza kilipobanduliwa juu ya maji, na hadi leo Mzee Digrii akikaa mahali pakimya, mlio huo humjia sikioni kabla ya mwingine wowote. Si mlio mkubwa. Ni kama kandambili inayong'oka kwenye tope. Lakini yeye aliusikia kwa mgongo mzima, maana ndiye aliyekuwa akivuta.

Digrii si jina alilopewa na wazazi. Alipachikwa na waogeleaji, kwa sababu kila asubuhi hutoa kipimajoto mfukoni, hukishusha majini kwa kamba, huhesabu hadi mia mbili bila kupepesa macho, kisha hutangaza kwa sauti ya mtu anayesoma habari za msiba: "Leo digrii ishirini na tatu." Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye wa kwanza kuingia majini kila siku, alianza kusema kwamba mtunza bwawa huyu ana digrii nyingi kuliko chuo kikuu kizima, na hakuna hata moja aliyoisotea darasani. Watu wakacheka, jina likaganda.

Alifika hapo kituo cha mazoezi miaka ishirini na miwili iliyopita akiwa fundi bomba, na kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne tu, kubadilisha mabomba ya chujio yaliyopasuka. Siku ya tano pampu ikagoma, na hakuna mwingine aliyejua ilivyofungwa. Siku ya sita akakabidhiwa ufunguo wa kibanda cha pampu, akae nao kwa muda. Muda huo haujaisha. Mvi zimemwotea hapo. Viganja vyake vimechujuka kwa klorini hata alama za vidole zimefifia, na siku binti yake alipomtumia simu ya kisasa inayofunguka kwa kuguswa kidole, simu ilimkana mchana kweupe. Na katika miaka yote hiyo hajaingia majini kwa raha hata mara moja. Karani wa mapokezi alimuuliza siku moja kwa nini haogelei, naye akamuuliza karani kama akitoka ofisini huenda kupumzika ndani ya faili.

Bwawa lenyewe si la kutambia mtu. Lina urefu wa mita ishirini na upana wa mita nane, vigae vyake vya samawati vimepoteza wenzao huku na kule kama meno ya mtoto wa miaka sita, na halina mtambo wa kupasha moto. Jua likiwaka, maji hupata joto. Miezi ya baridi ikiingia, maji hupoa mpaka anayechovya kidole hukitoa na kukitazama kama bado kipo. Zamani, ikifika miezi hiyo, meneja alikuwa akifunga mnyororo mlangoni, maji yakageuka kijani, vyura wakahamia bila kuuliza kodi, na kila mtu akasubiri jua lirudi.

Kusubiri huko hakukumsumbua Mzee Digrii mpaka dada yake alipohamia kwake.

Dada huyo ni mkubwa kwake kwa miaka tisa. Ni fundi cherehani, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akimkalisha juu ya marobota ya vitambaa huku yeye akikanyaga mashine. Miaka mitatu iliyopita magoti yake yalikataa kupanda ngazi za chumba alichokuwa akishonea, akaja kuishi na mdogo wake katika vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na cherehani, mkasi mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na mdomo ambao haukuathirika na ugonjwa wowote. Daktari alimwambia dawa za kumeza zitamtuliza tu. Cha kumsaidia ni kutembea ndani ya maji, kifuani, nusu saa kila siku, mradi maji yasiwe baridi, maana baridi huyakaza magoti badala ya kuyalegeza.

Basi saa nne kila asubuhi huja na fimbo yake, anaiegemeza kwenye ukuta, anashuka ngazi za chuma kinyumenyume akimlaani aliyezitengeneza, na akishafika majini huwa mtu mwingine. Huenda na kurudi bila fimbo, kidevu juu. Mwenyewe husema nje ya maji yeye ni mzigo, ndani ya maji ni bibi harusi. Wenzake watano wenye maradhi ya namna hiyo huja saa hiyo hiyo. Wamejipa jina la Kamati ya Magoti, naye ndiye mwenyekiti, ingawa hakuna anayekumbuka kumpigia kura.

Mwaka jana, kabla ya baridi, meneja aliletewa na wakubwa wake kifuniko cha jua. Meneja ni mwanamke kijana mwenye haraka, asiye na makuu, anayetembea na viatu mkononi akifika bwawani ili visilowe. Kifuniko kilikuwa nailoni nene ya buluu, upande mmoja laini, upande wa pili umejaa malengelenge ya hewa kama yale ya plastiki ya kufungia vyombo vya kioo. Walikitandaza juu ya maji, malengelenge yakitazama mbinguni. Hakuna aliyeshuku. Mzee Digrii aliona upande laini ndio wa kulalia maji, kama shuka. Mwalimu mstaafu akatoa na sababu za kisayansi, kwamba malengelenge yanalikaribisha jua. Siku nane maji hayakupanda hata nusu digrii, hadi dereva aliyekileta alipopita tena kwa shughuli nyingine, akachungulia, akauliza ni nani aliyelivisha bwawa nguo nje ndani. Malengelenge ndiyo ya kugusa maji.

Wakakigeuza, na hapo kikaanza kazi. Kumbe joto la bwawa halikimbilii ardhini, hukimbia kwa mvuke, hasa alfajiri watu wakiwa bado kitandani. Sufuria ikifunikwa haipoi upesi, akaeleza mwalimu, safari hii akiwa na uhakika zaidi kwa kuwa lilikuwa jambo ambalo kila mtu alilijua. Maji yaliyokuwa yakipoteza digrii tatu kila usiku yakawa yanapoteza moja. Yakapungua kidogo kuliko zamani, na dawa nayo ikadumu. Kwa mara ya kwanza miezi ya baridi iliingia na kutoka bila mnyororo mlangoni.

Ila kifuniko hakijitandazi. Mwalimu huingia saa moja, Kamati ya Magoti saa nne, wanafunzi wa shule jirani mara tu Kamati inapotoka. Katikati ya hayo ni lazima maji yafunikwe, au joto lote lililokusanywa linapotea. Zamani watunza bwawa walikuwa wawili, lakini mwenzake alipata kazi kwingine na nafasi yake ikabaki kuwa kiti kitupu kibandani. Kuvuta nailoni ya mita ishirini peke yako ni kama kumtoa kitandani mtu mzima asiyetaka kuamka. Mzee Digrii akakikata vipande vitatu ili kila kimoja avute kivyake. Mara mbili kufunua, mara mbili kufunika, vipande vitatu: safari kumi na mbili kwa siku, na kila safari kipande kikitoka majini kifunikwe kwa shuka nyeupe za zamani, maana nailoni hiyo ikikunjwa na kuachwa juani hujipika yenyewe.

Dada yake alipoviona vipande hivyo aliumwa kuliko alivyoumwa na magoti. Kingo zilikuwa zimekatwa ovyo, malengelenge yaliyopasuliwa yananing'inia kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Alisema hajawahi kuruhusu nguo itoke mkononi mwake bila pindo na hataanza uzeeni. Akaleta kigoda, sindano ya kushonea magunia na kitambaa kizito cha hema alichokuwa amekihifadhi tangu enzi za chumba cha ngazi, akakata mikanda, akaizungusha kwenye kingo na kuishona kwa mkono, tundu baada ya tundu. Kazi ilimchukua wiki tatu. Waogeleaji walikuwa wakipita na kusimama. Wanawake wawili wakamuuliza kama anashona pia magauni. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa amemwita fundi, na wiki hizo tatu aliitwa hivyo mara nyingi, akawa anarudi nyumbani na vidole vilivyotobokatoboka na uso uliotulia.

Pindo lilikuwa zuri kweli. Ukilitazama mstari wake unaweza kudhani umepigwa na mashine.

Mwezi wa pili baada ya pindo kushonwa, vipande vikaanza kuwa vizito. Mwanzoni Mzee Digrii alidhani ni uzee, akajisemea kwamba huo nao umefika bila hodi. Kisha siku moja aliegemeza kipande kwenye ukuta ili apumue, akaona pindo likitiririka maji, na likaendelea kutiririka mpaka akamaliza kupumua na bado. Akakaa chini akachunguza. Kitambaa cha hema kinakunywa maji kama ngamia. Na kila sindano ilipopita ilikuwa imetoboa lengelenge, maji yakaingia kwenye vifuko vya hewa na kukataa kutoka. Kipande kilichokuwa na uzito wa mtoto wa darasa la pili sasa kilikuwa na uzito wa baba yake.

Mkasi ulikuwepo kibandani. Mchana mmoja ungetosha kulifumua pindo lote. Aliutazama mkasi, akaurudisha msumarini, akaenda kuvuta.

Bega la kulia lilianza kwa kulalamika, likaja likanuna, mwishowe likagoma. Akawa hawezi kuinua mkono kupita kidevu. Kichwa akakinyoa ili asihitaji kukichana, na watu walipomuuliza akasema ni mtindo. Nyumbani shati alilitupia kitini badala ya msumarini. Alipoamka usiku kwa maumivu alikwenda uani kimya, akarudi kimya. Kumwambia dada yake angemwambiaje? Kwamba kitu pekee alichokishona baada ya miaka miwili ndicho kinachomvunja mdogo wake?

Baridi ya mwaka huu ilipoingia, meneja alikuja na barua. Wakubwa waliotoa kifuniko walitaka jibu lililonyooka: kina faida au hakina? Kama hakina, bwawa lifungwe miezi ya baridi kama zamani, na kifuniko kiende kwingine. Kama kinayo, kitumike na bwawa libaki wazi. Meneja akaomba wapime kiungwana, wiki moja kikiwepo, wiki moja kisiwepo, na Mzee Digrii aandike kila asubuhi kwenye ubao ulio karibu na kibanda.

Akaandika. Alipima mara mbili kila asubuhi, juu na chini usawa wa magoti, kwa sababu maji ya juu husifika kwa uongo; yanaweza kuwa vuguvugu huku miguu ikiganda. Wiki ya kifuniko ubao ulisoma ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na tano na nusu, ishirini na sita. Wiki hiyo alivuta safari zake kumi na mbili kila siku akitumia mkono wa kushoto na karibu atumie meno.

Wiki ya pili kifuniko kikalala nyuma ya kibanda chini ya shuka zake, na yeye akagundua kitu kilichomtia aibu. Alikuwa na furaha. Asubuhi ya kwanza maji yalishuka hadi ishirini na nne, akaandika huku akipiga mluzi. Ya tatu yakawa ishirini na mbili. Alikaa kwenye kiti kitupu cha mwenzake, akanywa chai ikiwa bado ya moto, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwaka jana. Usiku akalala hadi kulipokucha. Na kila ilipofika saa nne furaha hiyo ilikatika, maana dada yake alishuka ngazi, akafika majini, akanyamaza.

Kunyamaza si desturi ya dada yake. Siku ya nne, maji yakiwa ishirini na moja, alitembea kwenda na kurudi mara tatu badala ya ishirini, akatoka midomo ikiwa ya rangi ya jivu. Wajumbe wawili wa Kamati hawakuja kabisa. Mzee Digrii alimshika mkono pale juu ya ngazi, akauliza maji yakoje.

"Ya leo yanachangamsha damu," akasema dada, na akachukua fimbo yake kabla hajapewa.

Jioni hiyo, nyumbani, Mzee Digrii alirudi kutoka kuoga, akavaa fulana, akalitundika shati msumarini. Hakuwaza. Mkono ulipanda wenyewe baada ya siku nne za kupumzika, si kwa wepesi, lakini ulipanda. Dada alikuwa kitini mwake karibu na dirisha, miguu juu ya kigoda, akitia uzi kwenye sindano. Sindano ikabaki hewani.

"Hebu inua tena mkono."

"Upi?"

"Usinifanye mtoto. Huo huo."

Akauinua nusu.

"Wiki iliyopita shati lilikuwa linalala kitini."

"Wiki iliyopita nilikuwa mvivu."

"Wewe? Uvivu utakupitia wapi, bwana mdogo, na ukaidi umekujaa mpaka shingoni?"

Kesho yake dada alipotoka majini hakwenda kubadili nguo. Akiwa na taulo mabegani alizunguka nyuma ya kibanda, fimbo ikigonga vigae, akafunua shuka moja, akainama kwa tabu yake, akalishika pindo. Mzee Digrii alikuwa mlangoni mwa kibanda na bisibisi mkononi, akamwona. Dada alilikamua pindo kidogo, kama mtu anayekamua nguo ya mtoto. Siku tano lilikuwa limekauka juu juu tu. Maji yakamtoka vidoleni, yakaendelea, yakalowesha miguu yake. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye mstari wa mishono yake mwenyewe, polepole, tundu kwa tundu, akiyabonyeza malengelenge yaliyojaa. Hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa fundi.

"Tangu lini?" akauliza bila kugeuka.

"Tangu lini nini?"

"Mdogo wangu."

Basi akamwambia. Tangu mwezi wa pili baada ya pindo. Akaongeza kwamba si pindo peke yake, hata bila pindo nailoni ni nailoni, na umri nao una sehemu yake, na bega la fundi bomba halijawahi kuwa bega la malaika.

"Na ukanyamaza mwaka mzima."

"Ulishona vizuri."

"Nilishona vizuri ujinga." Akajifuta vidole kwenye taulo. "Mwanafunzi wangu angenifanyia hivi ningemrudisha kwao. Kitambaa unakiuliza kwanza kama kinakunywa maji. Ni somo la siku ya kwanza, hata sindano hujampa."

Akaomba kigoda. Akatoa mkasi mdogo kwenye mkoba wake na kuanza kufumua. Mzee Digrii alimwambia aache, atafanya yeye. Dada akamjibu kwamba mkono ulioharibu una haki ya kutengeneza, na yeye aende akahangaike na pampu zake. Alifumua siku hiyo na siku iliyofuata, mpaka mikanda ya hema ikawa rundo la matambara mabichi miguuni pake. Watu walipita, ila safari hii hakuna aliyesimama. Pembeni mwa vipande ulibaki mstari wa matundu, ulionyooka, wa kupendeza, usiozibika.

Jumapili jioni walikuwa wamekaa, yeye na dada yake, katika chumba cha mbele. Kesho yake meneja angekuja kusoma ubao na kuandika jibu. Dada alikuwa amewaza, na akishawaza huwa amekwisha amua.

"Kesho mwambie hakifai."

Mzee Digrii alisema namba ziko ubaoni.

"Zifute. Ubao haukuchongwa mlimani."

"Na wewe?"

"Mimi nitatembea kwenye korido ya kituo."

"Korido haina maji, dada."

"Nitakuwa nalia njiani, yatapatikana."

Akacheka yeye mwenyewe, kidogo, kisha akaacha. Akasema hivi sasa ndani ya nyumba hiyo kuna bega moja na nusu na goti hakuna. Akilimaliza bega hilo kwa ajili ya magoti ambayo hata hivyo hayaponi, watabaki wawili hawana kiungo kinachofanya kazi, na nani atamfungulia mwenzake mlango? Alisema hakumbeba juu ya marobota miaka yote ile ili aje amtumie kama punda. Mzee Digrii alisikiliza, akaitikia mm, akaitikia tena mm. Hakukubali wala hakukataa. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kubishana kulionekana kama safari ya kumi na tatu.

Asubuhi alivirudisha vipande majini, maana wiki ya pili ilikuwa imekwisha. Vilikuwa vyepesi kidogo kuliko zamani, hilo hakulikana. Cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili kilimkumbusha. Alipofika cha tatu bega liliwaka moto kutoka shingoni hadi kiwikoni, akasimama ukingoni ameshika nailoni kwa mkono wa kushoto, akingoja dunia itulie. Chwaap, ikalia nyuma yake, upepo ulipoinua kona. Saa nne alivifunua tena ili Kamati iingie.

Meneja alikuja viatu mkononi na faili kwapani. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa amemaliza kuogelea saa mbili zilizopita, alikuwa bado yupo na taulo lake, akijifanya anakausha masikio. Kamati ya Magoti ilikuwa majini, wote sita, wakitembea kwa uangalifu kwenye maji ambayo hayakuwa yamepata nafuu.

Meneja alisoma ubao kutoka juu hadi chini, akarudia kutoka chini hadi juu. Hakuna namba iliyofutwa.

"Kumbe tofauti ni kubwa hivi," akasema.

Dada akapaza sauti kutoka majini. Alimwambia meneja asidanganywe na chaki, kipimajoto cha huyo mzee ni cha zamani kuliko yeye, na kwamba kwa upande wao wanakamati kifuniko ni kero tupu, kinanuka, kinachelewesha watu, na maji ya baridi ndiyo yanayotakiwa na mwili. Wanakamati wakatazamana. Mmoja wao, mzee mwenye mguu uliopooza, aliuliza kwa unyonge ni lini walikubaliana hivyo. Mwalimu naye hakuweza kuvumilia namba kutukanwa hadharani. Akasema kipimajoto kiko sawa, amekilinganisha na chake, na kwamba digrii tano ni digrii tano hata zikisemwa na mlevi.

Meneja akawatazama mmoja baada ya mwingine, asielewe ugomvi ni wa nini. Kisha akamgeukia Mzee Digrii, aliyekuwa amesimama kando ya vipande vyake vitatu, mkono wa kulia ameuingiza mfukoni ili usining'inie.

"Mzee wangu, wewe ndiye unayekitumia. Niandike kinafaa au hakifai?"

Miaka ishirini na miwili, kila alipoulizwa jambo hapo, alikuwa na jibu moja: hakuna shida. Alilitoa pampu ilipoungua, mwenzake alipoondoka na kiti kikabaki kitupu, na mvua ilipoingiza matope bwawani hata ikamchukua siku mbili kuyatoa. Lilikuwa tayari limekaa kwenye ulimi hata sasa. Akisema kinafaa na kuishia hapo, kesho saa kumi na mbili na nusu atakuwa ameinama ukingoni. Akisema hakifai, mnyororo utarudi mlangoni, shati litapanda msumarini kila jioni, na dada yake atapima korido kwa fimbo, akicheka.

Akatazama majini. Dada alikuwa ameacha kutembea. Maji yalimfika kifuani, viganja vyake vimetandazwa juu yake kama juu ya kitambaa kinachongoja kukatwa, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya jivu. Alikuwa akimtikisia kichwa: usiseme, usiseme.

Mzee Digrii aliutoa mkono mfukoni. Akasema kwa sauti ndogo sana, hata meneja ikabidi ainame na viatu vyake ili amsikie.

"Kinafaa," akasema. "Ila peke yangu siwezi tena."